Maumivu si Sakramenti

Katika parokia moja ya kwetu Kivu yuko mzee aliyekuwa katekista. Miaka mingi alitembea kwa miguu kilima hata kilima, akifundisha watoto, akifariji wagonjwa, akizika wafu. Mwishowe magoti yake yaliisha. Ile gegedu inayofunika vichwa vya mifupa ilisagika, mfupa ukawa wasugua mfupa, na mzee akawa halali usiku. Watoto wake wakauza ng'ombe na kipande cha shamba, wakampeleka ng'ambo ya mpaka, na huko waganga wakambadilisha goti la kuume. Kazi ilikwenda vema.

Siku ya pili jamaa wa kikundi cha sala wakafika kumsalimu. Mmoja wao akaona vidonge juu ya meza, akasema: «Baba, Bwana wetu alikataa divai yenye manemane pale msalabani. Nawe katekista wetu utameza vitu vya kulevya? Mtolee Mungu maumivu yako.» Mzee akaona haya. Toka siku ile akaficha vidonge chini ya mto. Muuguzi alipokuja kumkunja goti, mzee alikaza mguu wote kama mti, jasho likamtoka, akaomba aachwe. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa vilevile.

Leo goti lake jipya ni gumu kama bawaba yenye kutu. Hawezi kupanda ngazi za kanisa. Ng'ombe wamekwenda, shamba limekwenda, na mzee anakaa barazani akiangalia wengine wakipita kwenda Misa.

Je, ni nani aliyemshinda mzee huyu? Si ugonjwa, wala si kisu cha mganga. Ameshindwa na shauri baya lililovaa kanzu ya dini. Shauri hilo nalisikia tena na tena, katika nyumba za wagonjwa na hata katika milango ya makanisa. Basi leo nataka kulijibu waziwazi.

Goti jipya ni kazi

Kwanza tujue tunasema neno gani. Kumbadilisha mtu goti si jambo la jana. Mnamo 1890 mganga Themistocles Gluck wa Berlin alijaribu kutia magoti yaliyochongwa kwa pembe ya tembo. Hayakudumu. Ilikuwa mwaka 1974, huko New York, mganga John Insall na wenzake walipoanza kutia goti la namna ile ambayo ndiyo mzazi wa magoti ya leo. Mganga hukata kidogo mwisho wa mfupa wa paja na kichwa cha mfupa wa muundi, huvifunika kwa chuma, na katikati huweka plastiki ngumu ili chuma kisisugue chuma. Katika Marekani peke yake, zaidi ya watu 600,000 hufanyiwa kazi hiyo kila mwaka. Kwetu Kongo ni wachache sana, maana gharama ni kubwa. Lakini wazee wenye watoto wa kazi huenda, na wataendelea kwenda.

Sasa sikilizeni vizuri. Watu wengi hufikiri kwamba mganga akiisha kushona ngozi, kazi imekwisha. La! Mganga amemaliza nusu yake, na nusu ya pili ni ya mgonjwa mwenyewe. Yafaa asimame siku ileile au kesho yake. Yafaa akunje goti na kulinyosha mara nyingi kila siku. Mwili haungoji: katika majuma ya kwanza hufanya makovu ndani ya goti, na makovu hayo yakikuta goti limelala tu, hulifunga kama kamba. Mtu asiyeweza kukunja goti hata kufika pembe ya mraba, yaani digrii 90, atapata taabu kupanda ngazi na kuinuka kitini. Goti likikakamaa sana, waganga hulazimika kumlaza mtu tena usingizi wa dawa na kulikunja kwa nguvu. Hiyo ni gharama ya pili, na hatari ya pili.

Basi, mtu mwenye maumivu makali atakunjaje goti? Hawezi. Misuli yenyewe hukaza bila kumwuliza ruhusa. Kwa hiyo dawa za maumivu baada ya kupasuliwa goti si anasa ya watu wa Ulaya, wala si udhaifu wa mtu asiye na imani. Ni chombo cha kazi. Mkulima akienda shambani bila jembe, hatumsifu kwa uvumilivu wake. Twamwuliza jembe lake liko wapi.

«Lakini Mkristu huvumilia!»

Hili ndilo neno lao la kwanza, nao hulisema kwa sauti kubwa. Wadhani wanasema kwa jina la Kanisa. Haya, tuulize Kanisa lenyewe.

Tarehe 24 Februari 1957 Papa Pio XII alizungumza na waganga wenye kazi ya kulaza wagonjwa usingizi. Waganga hao wa Italia walikuwa wamemletea maswali, na la kwanza lilikuwa hili hasa: je, Mkristu amefungwa na sheria ya kukataa dawa ya kutuliza na kupokea maumivu ya mwili? Baba Mtakatifu akajibu kwamba hakuna wajibu wa namna hiyo kwa watu wote. Mtu aweza, kwa hiari yake, kupokea maumivu fulani kwa mapendo ya Kristu. Lakini hakuna anayeweza kumlazimisha mwenzake. Tena alionya kwamba maumivu ya muda mrefu yaweza kumzuia mtu kupata mema makubwa zaidi. Papa huyu hakuwa mtu wa kulegeza mambo. Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mafundisho yalivyo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2279, yaruhusu kutuliza maumivu hata ya mtu anayekufa, na yahesabu utunzaji wa namna hiyo kuwa tendo la mapendo. Ikiwa mtu wa kufa aruhusiwa, mtu wa kupona je? Na Papa Yohane Paulo II alipoandika barua yake juu ya mateso, mwaka 1984, aliimaliza kwa habari ya Msamaria mwema. Wale ndugu zetu hupenda kusoma mwanzo wa barua ile, unaosema juu ya msalaba. Nawaomba wafike mwisho wake.

Na ile divai yenye manemane? Ni kweli Bwana aliikataa, Marko ameandika. Lakini Bwana alikuwa akitoa sadaka yake mwenyewe, kwa hiari yake mwenyewe, kwa ajili ya ulimwengu wote. Nionyesheni basi mahali katika Injili alipomwambia mgonjwa mmoja: kaa na maumivu yako, ni mazuri kwako. Hamtapaona. Mkwewe Petro alikuwa na homa, akamwinua. Aliyepooza alishushwa kwa kamba kutoka darini. Akamrudisha nyumbani kwa miguu yake. Yule Msamaria hakumhubiria mtu aliyepigwa na wanyang'anyi juu ya faida ya vidonda. Alimtia mafuta na divai, akalipa nyumba ya wageni. Paulo alimshauri Timoteo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba dawa zimetoka katika nchi kwa mkono wa Bwana, na kwamba mwenye akili hazidharau.

Mtaniuliza: basi hatuna tena la kumtolea Mungu? Tunalo, tena tele! Anayedhani vidonge huondoa maumivu yote hajapata kubadilishwa goti. Hupunguza tu, hata mtu aweze kufanya kazi yake. Yale yanayobaki, mtolee Mungu. Mtolee na uchovu wa kuinuka mara kumi kwa siku wakati roho yataka kulala. Hiyo ni sadaka yenye matunda. Kulala kitandani na kukakamaa si sadaka. Ni kumharibia Mungu kiungo alichokurudishia kwa mikono ya waganga na jasho la watoto wako.

«Lakini dawa ni nyingi mno!»

Neno la pili ni la jamaa wanaoketi kitandani na kuhesabu vidonge. Wasema: «Mbona aina tano? Wataka kumwua mzee wetu?» Hapa siwalaumu sana, kwa sababu mara nyingi hakuna aliyewaeleza. Nami nitajaribu kueleza, kama waganga walivyonieleza.

Zamani waganga walitumia dawa moja yenye nguvu, morfini, na kuiongeza mpaka mgonjwa anyamaze. Alinyamaza kweli, lakini alitapika, alisinzia, alifunga choo, na hakutembea. Katika miaka ya 1990 mganga Henrik Kehlet wa Denmark alifundisha njia nyingine: tumia dawa kadhaa, kila moja kwa kipimo kidogo, kila moja ipige maumivu kwa upande wake, ili morfini iwe kidogo na mgonjwa ainuke mapema. Ndiyo sababu vidonge ni vya aina nyingi. Wingi wa aina wapunguza ukali wa kila moja.

Paracetamoli ndiyo msingi. Hutolewa kwa saa, na mtu mzima hapaswi kupita gramu 4 kwa siku. Mwenye ini bovu au mwili mdogo apewe chini ya hapo. Dawa za kupunguza uvimbe, kama ibuprofeni, zafaa sana, lakini si kwa mwenye vidonda vya tumbo au figo mbovu. Waganga pia hudunga dawa ya ganzi kuzunguka goti lenyewe wakati wa kupasua. Waganga wawili wa Sydney, Kerr na Kohan, waliandika juu ya njia hiyo mwaka 2008, na leo imeenea duniani. Iko tena deksametasoni. Mwaka 2022 waganga wa Denmark walitangaza kwamba wagonjwa wa goti waliopata miligramu 24 za dawa hiyo, hasa mara mbili, walihitaji morfini kidogo zaidi katika siku mbili za kwanza. Lakini yapandisha sukari ya damu, kwa hiyo mwenye kisukari aseme mapema. Morfini na ndugu zake huja mwisho, kwa maumivu yanayopenya nyuma ya zile nyingine.

Ziko na dawa ambazo hazigusi maumivu kabisa, nazo zalinda uzima. Asidi ya traneksamiki, iliyogunduliwa Japani na Utako Okamoto na mumewe Shosuke, na kutangazwa mwaka 1962, hupunguza damu inayomwagika wakati wa kupasua. Kwetu, mahali ambapo chupa moja ya damu hutafutwa usiku kucha kwa ndugu na jirani, dawa hiyo ni neema kubwa. Kisha ziko dawa za kuzuia damu isigande. Mguu uliopasuliwa na kulala waweza kufanya donge la damu, na donge hilo likipanda mapafuni, mtu hufa ghafula. Kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa kwa siku 10 hata 35, kadiri mganga aonavyo. Waganga hubishana kama aspirini, dawa ya bei ndogo, yatosha. Uchunguzi wa Kanada wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba yatosha baada ya siku tano za kwanza za dawa nyingine. Uchunguzi wa Australia wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba aspirini peke yake ilizuia madonge kidogo kuliko sindano ya enoksaparini. Wabishane wao, ndiyo kazi yao. Lakini wewe jamaa usikate shauri mwenyewe na kuziacha siku ya nne kwa sababu mzee «anaonekana mzima». Donge halionekani kwa macho.

«Lakini atazoea kama bangi!»

Neno la tatu lina ukweli ndani yake, nami sitalificha. Marekani wameona msiba mkubwa. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza kidonge cha jamii ya morfini kiitwacho OxyContin, ikakitangaza kana kwamba hatari ya kukizoea ni ndogo. Haikuwa ndogo. Kampuni hiyo ilikiri makosa mbele ya hakimu mwaka 2007, na tena mwaka 2020. Watu walioanza na kidonge wakaishia kwenye dawa za magendo zilizo kali zaidi, na katika mwaka 2021 peke yake watu zaidi ya 100,000 walikufa nchini humo kwa kuzidisha dawa za kulevya za namna mbalimbali. Wengine walikuwa wameonja kidonge cha kwanza baada ya kupasuliwa.

Tujifunze nini hapo? Tujifunze kipimo. Morfini ya goti ni ya siku chache zilizohesabiwa, si ya miezi. Isichanganywe na pombe wala dawa za usingizi, maana pumzi yaweza kukatika. Vidonge vilivyobaki virudishwe. Visikae kabatini kumngojea kijana wa nyumbani. Kadiri maumivu yapunguavyo, morfini iondoke kwanza na paracetamoli iondoke mwisho.

Lakini anayetaka kututisha kwa msiba wa Marekani ili tukose dawa yote, huyo aangalie upande wa pili wa dunia. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la Lancet ilipima dawa za jamii ya morfini zinazogawanywa ulimwenguni kwa mwaka. Jumla ilikuwa tani 298.5. Nchi maskini kabisa, zote pamoja, zilipata tani 0.1, yaani kilo mia moja tu. Wao wamezama kwa mafuriko, nasi twafa kwa kiu. Na anayekufa kwa kiu haponi kwa kuhubiriwa juu ya hatari ya mafuriko.

Tena isisemwe kwamba Mwafrika hawezi kuitunza dawa hii. Jirani zetu wa Uganda wametuonyesha. Mwaka 1993 mganga Anne Merriman, ambaye zamani alikuwa mtawa mmisionari, alianzisha kule nyumba ya kutunza wagonjwa wenye maumivu makali. Morfini ya maji huchanganywa nchini humo kutoka unga wake, kwa bei ndogo, na tangu mwaka 2004 sheria yawaruhusu wauguzi waliofundishwa kuiandika. Wanalolifanya kwa mgonjwa wa kansa, sisi tutashindwa kulifanya kwa mzee wa goti, kwa siku tano?

Kila mtu na neno lake

Nimewasema watu wa sala. Sasa nitawasema wengine, ili nisiwe na upendeleo.

Enyi wenye kuongoza hospitali zetu, zikiwemo za misioni: acheni desturi ya kungoja mgonjwa alie ndipo apewe kidonge. Maumivu yakiisha kupanda, dawa hushindwa kuyashusha. Toeni kwa saa, usiku na mchana, na hasa kitambo mbele ya mazoezi. Na mgonjwa maskini asipewe paracetamoli moja kwa siku huku ndugu mwenye fedha akipewa zote.

Enyi jamaa: msinunue dawa kwenye karai la sokoni, zilizokaa juani wala hazijulikani zilitoka wapi. Msimwite mtu wa kudunga sindano nyumbani kwa sababu mguu umevimba. Mrudisheni kwa waliompasua. Mkimpa mizizi na majani ya kwetu, mwambieni mganga, kwa sababu mengine yaweza kupigana na dawa ya damu. Usaha, homa kali, muundi uliovimba na kuuma, au pumzi fupi ya ghafula, havingoji kesho.

Na wewe mgonjwa: mbele ya kupasuliwa, uliza bila haya. Nitapewa dawa gani ya maumivu? Saa ngapi? Kwa siku ngapi? Dawa ya damu nitaiacha lini? Sema ukweli juu ya pombe yako, tumbo lako na sukari yako. Kisha umeze kama ulivyoagizwa, ngoja kidogo, ufanye mazoezi. Usitazamie miujiza: karibu mtu mmoja katika watano hubaki na maumivu fulani au haridhiki na goti lake, hata pale penye waganga bora. Lakini anayekataa dawa na mazoezi amejitafutia mwenyewe nafasi kati ya hao.

Namrudia mzee wetu. Juzi nilimkuta barazani, mguu umenyoshwa juu ya kigoda. Nilimwuliza kama bado ana vidonge vile. Alicheka kidogo, akasema vilitupwa pamoja na mto. Goti la pili nalo linamwuma, na watoto wake wanatafuta fedha tena, ijapokuwa hawana ng'ombe wa kuuza. Nilimwambia hivi: «Baba, safari hii, akija mtu kukuambia uvitupe vidonge, mwambie kwanza akupe ng'ombe wawili.» Akanipa mkono, akaahidi.

Ndugu wasomaji, Kanisa lina sakramenti saba. Maumivu si ya nane. Mahali tunapoweza kuyatuliza ili mtu asimame na kutembea, kuyaacha yamfunge ni kumwongezea mwenzetu mzigo ambao Mungu hakumtwika.